Kungoja Bila Tarehe: Siku za Kawaida za Kibumba na Tatizo la Kuzisimulia

Makala haya yanachunguza namna muda wa kutengwa unavyosimuliwa, hususan ule muda mrefu ambao ndani yake hakuna tukio la kusimulia. Mfano mkuu ni kambi ya wakimbizi ya Kibumba, iliyokuwa kiasi cha kilomita 25 kaskazini mwa mji wa Goma, chini ya mlima Nyiragongo, katika nchi ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Kambi hiyo ilianza Julai 1994, ikasambaratishwa kwa mashambulizi mwishoni mwa Oktoba 1996. Juu ya mwezi wake wa kwanza yameandikwa mengi mno, na juu ya siku zake za mwisho pia yameandikwa ya kutosha. Katikati kuna miaka miwili na zaidi ambamo watu waliamka, wakateka maji, wakatafuta kuni, wakalala, wakaamka tena. Miaka hiyo karibu haimo katika maandishi.

Upungufu huu haukutokana na uhaba wa mashahidi peke yake. Waandishi wa habari walikuwapo, madaktari walikuwapo, na wakimbizi wenyewe walikuwa mamia ya maelfu. Dai linalotetewa hapa ni kwamba vyombo vya usimulizi vilivyotumika, kuanzia ripoti ya dharura hadi kitenzi chenyewe, havikuwa na nafasi ya siku ya kawaida. Na kwamba katika Kibumba swali la nani atajwe kuwa mtenda wa mambo ya kila siku lilikuwa swali la siasa, tena siasa ya uhai na mauti.

Kutengwa kwenye tarehe

Neno karantini limetokana na desturi ya bandari ya Venice ya kuzuia meli siku arobaini. Asili hiyo ina jambo moja ambalo mara nyingi hupuuzwa: ndani ya neno lenyewe mna hesabu. Aliyewekwa karantini anajua, au anaahidiwa, siku ya kutoka. Kwa miaka mingi wasemaji wengi wa Kiswahili wa bara walilisikia neno hili zaidi kuhusu ng'ombe, pale soko la mifugo linapofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo. Watu wa Unguja walikuwa na mfano wa karibu zaidi, kwani kisiwa cha Changuu, ambacho kilikusudiwa kuwa gereza katika miaka ya 1890, kiliishia kuwa kituo cha karantini cha wasafiri wa meli. Baadaye sehemu ya majengo hayo ikaingizwa katika hoteli ya watalii.

Mwaka 2020 hoteli na karantini zilikutana upya. Mwezi Machi mwaka huo serikali za Kenya na Uganda ziliamuru wasafiri waliowasili kutoka ng'ambo wakae katika hoteli na taasisi zilizoteuliwa, kwa gharama yao wenyewe. Masimulizi yaliyotoka katika vyumba hivyo, ya Kiswahili na ya lugha nyingine, yana umbo linalofanana kiasi cha kushangaza. Msimulizi huhesabu siku: ya kwanza, ya tatu, ya kumi na nne. Hueleza sahani iliyoachwa mlangoni, dirisha lisilofunguka, sauti ya jirani asiyeonekana, bili inayosubiri mapokezi. Uchovu wake ni wa kweli na haufai kubezwa. Lakini fani ya masimulizi hayo imebebwa na tarehe. Ushahidi wake ni kwamba malalamiko makali kuliko yote yalisikika Kenya mwezi Aprili, pale baadhi ya vituo vilipoongezewa siku 14 nyingine baada ya wagonjwa kugunduliwa humo. Chumba kilikuwa kilekile na chakula kilekile. Kilichovunjika ni hesabu, na pamoja nayo namna ya kusimulia.

Kivu Kaskazini nayo imekuwa na hesabu ya aina hiyo. Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, mtu aliyemgusa mgonjwa alifuatiliwa siku 21. Mgonjwa wa kwanza alipothibitishwa mjini Goma, Julai 2019, mji mzima ulijifunza kuhesabu mpaka 21. Siku ya 22 ilikuwa na maana. Kibumba ya 1994 hadi 1996 haikuwa na siku ya 22, na hapo ndipo tatizo la kifasihi linapoanza.

Mwezi wa -ka-

Kati ya tarehe 14 na 18 Julai 1994 watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka wa Rwanda na kuingia Goma na viunga vyake. Kibumba ilipokea sehemu kubwa ya umati huo. Mahali penyewe hapakuwa na chanzo cha maji. Yaliletwa kwa malori kutoka mjini, na katika wiki ya kwanza mgawo wa mtu mmoja kwa siku haukufikia lita moja. Ardhi ni ya mawe ya volkano, hivyo kuchimba choo kulikuwa taabu na kuchimba kaburi taabu zaidi. Kipindupindu kilithibitishwa karibu tarehe 20 Julai, kikafikia kilele katika siku chache zilizofuata, kisha kikafuatwa na ugonjwa wa kuhara damu. Kwa mujibu wa makala ya kundi la wataalamu wa magonjwa ya mlipuko yaliyochapishwa mwaka 1995 katika jarida la The Lancet, waliokufa katika mwezi wa kwanza walikaribia 50,000.

Mambo kama haya huitafuta -ka- ya masimulizi bila kusukumwa. Walivuka, wakafika, wakanywa maji machafu, wakaugua, wakafa, wakazikwa kwa matingatinga. Kila tendo linalisukuma linalofuata. Ndiyo maana mwezi huo wa kwanza unasimulika kirahisi kwa kila mwandishi, hodari na asiye hodari, na ndiyo maana kwa wasomaji wengi wa dunia Kibumba ni mwezi mmoja tu.

Ripoti ya madaktari yenyewe inastahili kusomwa kwa makini kama maandishi, kwa kuwa imefanya jambo ambalo wanahabari wengi hawakulifanya: imekataa machozi. Kipimo chake ni vifo kwa kila watu 10,000 kwa siku, na kilikuwa kati ya 20 na 35. Kwa mhakiki wa fasihi kipimo hiki kina mvuto wa pekee, kwa sababu neno siku limo ndani yake. Hata hivyo siku hiyo haina asubuhi wala jioni. Ni kigawanyo. Inafaa kukubali kwamba kigawanyo hicho kilikuwa na kazi yake, na pengine kiliokoa watu wengi kuliko insha yoyote. Lakini Agosti ilipopita na hesabu ya vifo ikashuka, kigawanyo hakikuwa na la kusema tena. Hali iliyotulia, kwa lugha ya ripoti, ni hali isiyohitaji ripoti. Waliobaki hai waliingia katika utulivu huo wakiwa chini ya karatasi ya plastiki ambayo wao waliiita shitingi, katika nchi ya juu yenye baridi na ukungu, na maandishi yakawaacha hapo.

Orodha isiyo na kitenzi

Andiko moja linalogusa maisha ya baadaye halikukusudiwa kuwa simulizi hata kidogo. Ni hesabu ya biashara katika kambi tano za eneo la Goma, iliyofanywa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na kunukuliwa mara kwa mara tangu hapo. Hesabu hiyo inataja baa 2,324, mikahawa 450, maduka 589, vinyozi na wasusi 62, maduka ya dawa 51, mafundi cherehani 30, mabucha 25, studio za picha 4, sinema 3, hoteli 2 na machinjio 1.

Msomaji wa Kiswahili huenda akasita kidogo kwenye zile hoteli 2, kwani katika miji yetu hoteli ni mahali pa kula chapati na chai kabla ya kuwa mahali pa kulala. Lakini mikahawa imekwisha kuhesabiwa peke yake; kwa hiyo hizi ni nyumba za kulala wageni, ndani ya kambi ambamo kila mtu ni mgeni. Ikikubaliwa kwamba kambi zote zilikuwa na watu wapatao 700,000 baada ya uandikishaji wa 1995, basi kulikuwa na baa moja kwa kila watu 300 hivi, na kinyozi mmoja kwa kila watu 11,000 na zaidi. Uwiano huo unasema jambo juu ya kupitisha wakati ambalo hakuna insha iliyolisema waziwazi. Zile studio 4 za picha zinasema jambo jingine. Anayelipa ili apigwe picha kambini anaweka alama kwamba siku hii ilikuwapo, na kwamba yupo mtu, mahali fulani, atakayeitazama.

Orodha hii imetumiwa na waandishi wawili wa kambi zinazopingana. Kwa upande mmoja inaletwa kuonyesha ustahimilivu: tazama binadamu anavyojenga maisha juu ya mawe. Kwa upande wa pili inaletwa kama shtaka: tazama wauaji wanavyokunywa bia kwa msaada wa dunia. Inashangaza kwamba orodha ileile inabeba usomaji wote wawili bila kulalamika. Sababu yake ni ya kisarufi. Orodha haina kitenzi, na kwa kuwa haina kitenzi haina mtenda. Aliyekuwa na baa, aliyekunywa humo, aliyechota kodi ya baa hiyo jioni, wote wamekunjwa ndani ya tarakimu 2,324. Aliyeua Aprili 1994 na mtoto aliyezaliwa kambini Machi 1995 wanasimama katika safu moja ya hesabu.

Nani anagawa?

Suala la mtenda si la wanaisimu peke yao. Kambi za Goma zilipangwa kwa kufuata komini za Rwanda ambako wakimbizi walitoka, na wakuu wa komini hizo walivuka mpaka pamoja na watu wao. Jeshi lililoshindwa na wanamgambo waliofanya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi walikuwamo pia. Hapo mwanzo chakula cha msaada kilipitia mikononi mwa viongozi hao. Walikuza idadi ya watu ili wapate mgawo mkubwa zaidi, na mwaka 1994 walipinga sensa. Mkimbizi aliyesema hadharani kwamba anataka kurudi kwao alitishwa, na wengine waliuawa. Ni kwa sababu hizo tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka katika kambi hizo Novemba 1994. Tangu Februari 1995 ulinzi ulikabidhiwa kwa kikosi cha askari wa Zaire waliolipwa kupitia shirika la wakimbizi, na Agosti mwaka huohuo serikali ya Zaire ilijaribu kuwarudisha watu kwa nguvu, ikaacha baada ya siku chache.

Katika mazingira hayo foleni ya maharagwe haikuwa jambo dogo la maisha ya kila siku. Foleni ndiyo iliyokuwa serikali. Mtu aliyesimama asubuhi kungoja kikombe cha mafuta alikuwa anasimama mbele ya dola iliyokimbia nchi yake lakini haikukimbia madaraka yake. Mwandishi anayetaka kueleza siku ya kawaida ya Kibumba hana budi basi kueleza pia nani aliifanya iwe ya kawaida.

Hapa Kiswahili sanifu kinamtega mwandishi. Kiambishi cha mazoea, hu-, hakichukui kiambishi cha nafsi. Mtu anaweza kuandika: asubuhi hupanga foleni, hugawa maharagwe, hurudi kwenye shitingi, hungoja. Sentensi ni nyepesi, ina mwendo mzuri, na haina mtu ndani yake. Anayepanga foleni na anayegawa wameyeyuka pamoja katika silabi moja. Ni kweli kwamba nomino inaweza kuwekwa mbele (wakuu wa komini hugawa), ila sarufi haimlazimishi mwandishi kufanya hivyo, na uzuri wa hu- umo katika kutolazimisha. Ni kiambishi cha methali na cha maelezo ya desturi. Kinafaa kwa mambo ambayo jamii nzima inayakubali kuwa ndivyo yalivyo. Kukitumia kwa Kibumba ni kuigeuza amri ya mtu kuwa desturi ya mahali.

Kiswahili cha Goma kina njia nyingine. Mazoea huonyeshwa na kiambishi cha mwisho, -aka, kinachoongezwa kwenye kitenzi ambacho tayari kimebeba nafsi: tunangojaka, banagawaka, banatupigaka. Kinyarwanda, lugha ya mama ya wakimbizi na ya majirani wengi wa Kibumba, nacho kina -ag- yenye kazi ya karibu na hiyo. Hivyo basi msemaji wa mahali hapo hawezi kutaja mazoea bila kutaja, walau kwa silabi, ni nani mwenye mazoea hayo. Walimu wa shule wamezoea kukisahihisha kiambishi hiki kwa kalamu nyekundu. Kwa mintarafu ya usimulizi wa kambi, kinajua jambo ambalo kalamu nyekundu hailijui.

Wapo watakaouliza kwa nini mwandishi wa sanifu asitumie tu umbo la walikuwa wakigawa, ambalo nafsi yake iko wazi mara mbili. Jibu ni kwamba anaweza, na mara nyingi anapaswa. Lakini kurasa tatu za walikuwa wakifanya, walikuwa wakingoja, walikuwa wakirudi ni mzigo mzito kwa masikio, na mwandishi mwenye sikio zuri atatafuta upesi mahali pa kukimbilia. Atakimbilia ama hu- ama -ka-. Akienda kwenye hu- anampoteza mtenda. Akienda kwenye -ka- anaipoteza siku ya kawaida, kwa kuwa -ka- itadai tukio, na tukio likikosekana litatungwa.

Somo la gerezani na mipaka yake

Fasihi ya Kiswahili ina hazina yake ya maandishi ya kufungwa, na ni kawaida kuiendea hiyo kwanza. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973, ilitungwa gerezani baada ya mshairi kuhukumiwa miaka mitatu mwaka 1969 kwa waraka wake wa kuikosoa serikali ya Kenya. Inajulikana kwamba tungo hizo ziliandikwa kwenye karatasi za chooni. Jambo linalotajwa mara chache zaidi ni kwamba umbo la ushairi wa vina na mizani lenyewe ni namna ya kupitisha wakati. Anayehesabu mizani amejipa kazi yenye kipimo ndani ya siku isiyo na kipimo. Ubeti ukikamilika, kitu kimekwisha, japo mlango haujafunguliwa. Isitoshe, miaka mitatu ni tarehe. Iko mbali, lakini ipo.

Haini ya Adam Shafi, riwaya ya 2003, iko karibu zaidi na Kibumba katika jambo hilo moja. Mahabusu wake wamekamatwa baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972, na hawajui watatoka lini au kama watatoka. Muda wa riwaya hiyo una uzito wa kungoja kusikohesabika. Hata hivyo gereza, liwe la Kenya au la Unguja, linampa msimulizi zawadi tatu ambazo kambi haimpi. La kwanza ni ukuta. La pili ni askari aliyevaa sare, ambaye msomaji anamjua kwa kumtazama. La tatu, na ndilo kubwa, ni kwamba msomaji ameambiwa mapema aliye ndani ameonewa.

Kibumba haikuwa na ukuta. Watu walitoka kila siku kwenda kukata kuni katika msitu wa Hifadhi ya Virunga, na uharibifu wa msitu huo ulikuwa mkubwa. Walikwenda sokoni, walifanya vibarua kwa wenyeji, wengine walivuka mpaka usiku na kurudi. Mlinzi wa kambi alikuwa jirani wa shitingi ya pili. Kuhusu kuonewa, hakuna jibu moja kwa umati wa namna hiyo. Mwandishi anayeazima sauti ya mfungwa wa kisiasa na kumpa kila mkimbizi wa Kibumba amewasafisha wauaji. Anayemnyima kila mmoja sauti hiyo amewahukumu watoto. Njia ya kati haipo. Ipo njia ya mtu mmoja mmoja, na hiyo inahitaji siku ya kawaida, kwa sababu ni katika siku ya kawaida tu anayegawa na anayepokea wanaonekana kuwa watu wawili.

Ushahidi mmoja wenye thamani kubwa katika njia hiyo ni kitabu cha Marie Béatrice Umutesi, mwanasosholojia wa Rwanda, kilichochapishwa kwa Kifaransa mwaka 2000 na kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2004. Hakihusu Kibumba; mwandishi aliishi katika kambi za upande wa Bukavu, Kivu Kusini, kabla ya kukimbia kwa miguu katika misitu ya Zaire. Kimeandikwa kwa nafsi ya kwanza, hivyo tatizo la mtenda limetatuliwa tangu ukurasa wa mwanzo. Lakini tazama majina ya kitabu. Jina la Kifaransa linazungumza juu ya kukimbia au kufa, la Kiingereza juu ya kunusurika. Yote ni vitenzi vya tukio. Sifa ya kitabu imejengwa juu ya safari ya msituni, na wasomaji huikumbuka safari hiyo. Miaka miwili ya kukaa imekuwa kama uwanja wa kuruka kuelekea kwenye safari. Lawama haimwendei mwandishi, ambaye aliishi yote mawili. Inawaendea zaidi wachapishaji na wasomaji wanaojua kukipima kitabu kwa kilomita.

Kungoja, kusubiri, kukaa

Kuna vitenzi vitatu ambavyo mwandishi wa Kibumba hana budi kuchagua kati yake. Kungoja kuna kitu kinachongojewa: lori, mgawo, habari. Kusubiri kuna subira ndani yake, na subira kwa mapokeo ya Waswahili imefungamana na heri; anayesubiri ana imani kwamba kinachokuja ni chema. Kukaa hakuna chochote kati ya hivyo. Mtu hukaa kwenye kiti, hukaa mtaani, hukaa miaka kumi, na hukaa tu. Katika Kiswahili cha Kongo ya mashariki kitenzi hicho husikika kuwa kuikala. Ripoti na makala za magazeti juu ya wakimbizi wa Goma, zinapotafsiriwa kwa Kiswahili, hupenda wanasubiri. Ni chaguo la adabu, lakini linawapa watu tumaini ambalo hakuna aliyewauliza kama walikuwa nalo, na kwa viongozi wa kambi waliokuwa wakijiandaa kurudi kwa silaha, linalipa jina zuri jambo baya.

Tarehe 26 Oktoba 1996, au karibu na hapo, kukaa huko kulikwisha. Kambi ilishambuliwa na watu wake, wanaokadiriwa kuwa karibu 200,000, wakakimbilia Mugunga, magharibi mwa Goma. Katikati ya Novemba wengi wa waliokuwa Mugunga walirudi Rwanda kwa miguu. Wengine waliingia msituni. Kwa msimulizi, -ka- ilikuwa imerudi kazini.

Wenyeji wa Kibumba hawakurudi popote, kwa kuwa hawakuwa wameondoka. Walibaki na mashamba yao ya kabichi na liki yanayolisha masoko ya Goma, na na mawe yaliyobaki wazi. Zamu yao ilikuja mwaka 2022. Vita vya M23 vilipofika kwao mwishoni mwa mwaka huo waliteremka barabara ileile ambayo malori ya maji yaliipanda mwaka 1994, wakajenga vibanda Kanyaruchinya, nje kidogo ya Goma. Desemba 23, 2022 Kibumba ilikabidhiwa kwa sherehe kwa kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa siku moja ilionekana kama tarehe imepatikana. Wengi hawakuthubutu kurudi. Kambi iliendelea hadi Goma yenyewe ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025. Mwezi uliofuata waliokuwa kambini walitakiwa kuondoka, na vibanda vikabomolewa.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna tena miaka miwili na zaidi ya siku za kawaida, na safari hii waliozipitia wanasema Kiswahili. Wamehojiwa mara nyingi. Maneno yao huandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza, kisha mara nyingine hurudishwa katika Kiswahili sanifu kwa ajili ya redio. Ichukuliwe sentensi ya kawaida kabisa ya mwanamke wa Kibumba akiwa Kanyaruchinya: tunaikalaka tu, banatuambiaka kesho. Mtafsiri wa kwanza ataandika kwamba watu wanasubiri kurudi makwao. Wa pili, mwenye sikio la sanifu, ataandika hukaa tu, huambiwa kesho. Wote wawili wamempoteza mtu yuleyule, yule anayewaambia kesho. Yeye alikuwapo katika ile ba- ya mwanzo wa kitenzi, na mwanamke huyo hakuhitaji kufikiri ili amtaje.